Je, mtu mzima anaweza kuurudisha mshangao wa utotoni bila kujifanya?

Mhasibu wa Tabata aliuliza:

Ndugu wasomaji, nawasalimu. Nina swali ambalo huenda likaonekana dogo, lakini limenikaa kichwani mwezi huu wote wa Septemba, nami sina mtu wa karibu wa kumwuliza bila kuonekana kwamba kazi imenizidi akili.

Nina binti wa miaka mitano. Kila asubuhi humsindikiza hadi mahali anapopandia basi la shule, umbali ambao mtu mzima huutembea kwa dakika sita, lakini sisi hutumia karibu dakika ishirini kwa sababu mwenzangu husimama. Husimama kutazama sisimizi waliobeba ubawa wa mende kama watu waliobeba mgonjwa kitandani. Husimama kuuliza kwa nini jongoo hujikunja akiguswa. Husimama chini ya mwembe wa jirani akijaribu kukanyaga madoa ya mwanga yanayocheza mchangani. Mimi nami husimama, lakini macho yangu huwa kwenye saa. Wiki mbili zilizopita alinivuta mkono akasema, "Mama, hebu ona." Nikamjibu, "Nimeona, twende." Akasema, bila hasira yoyote, "Hujaona. Wewe ulikuwa unaangalia barabara."

Nilikulia Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, na nakumbuka vizuri jinsi matone ya kwanza ya vuli yalivyokuwa yakitutoa ndani mbio, harufu ya udongo ikipanda, sisi tumefungua vinywa juu na bibi akituita kwa majina yote aliyoyajua. Siku hizi mvua ikianza, jambo la kwanza linalonijia ni nguo zilizoko kambani, na la pili ni foleni. Jumapili iliyofuata niliamua kujirekebisha: nilitandika mkeka uani, nikakaa na binti yangu tukiwatazama sisimizi. Nawaambia ukweli, nilijihisi kama mtu anayeigiza. Nilisema "Ehe!" na "Kumbe!" mahali palipostahili, na baada ya dakika tatu nilikuwa nikipanga matumizi ya mwisho wa mwezi.

Naomba kuuliza: uwezo huu hutoka moja kwa moja kama meno ya utoto, au hulala tu? Na kama yupo aliyefaulu kuuamsha, alifanya nini hasa? Tafadhali nipeni jambo la kufanya. Mahubiri kuhusu simu nimekwisha kuyasikia ya kutosha.

Mwalimu Mstaafu, Muheza, alijibu:

Mwanangu, kosa lako la Jumapili lilikuwa moja tu, nalo ni kwamba ulikaa mkekani ukiusubiri mshangao uje, na mshangao ni kama paka, ukimwita haji. Achana nao. Tafuta badala yake kitu ambacho hakileti maana, kisha ukikazie macho mpaka kikuudhi.

Nawe unacho tayari, umekitaja mwenyewe na kukipita: yale madoa ya mwanga chini ya mwembe. Kesho asubuhi inama uyatazame. Utaona kwamba mengi yake ni ya mviringo, au ya mviringo uliovutika kidogo jua likiwa chini. Kisha inua kichwa uyatazame majani. Nafasi zilizo katikati ya majani ya mwembe zina kila umbo: nyingine ni pembetatu, nyingine ni nyufa nyembamba, nyingine hazina hata jina. Inakuwaje basi mwanga uingie kwa mlango wa pembetatu na kutua chini ukiwa duara?

Jibu nitakupa, kwa sababu ualimu haustaafu. Kila nafasi ndogo katikati ya majani hufanya kazi ya tundu la sindano, na tundu dogo likiwa mbali vya kutosha na mahali mwanga unapotua halichori umbo lake lenyewe, bali huchora sura ya kile kinachotoa mwanga. Kwa hiyo kila duara ambalo binti yako hulikanyaga ni picha ya jua. Si mfano wa jua. Ni picha yake kamili, na chini ya mti mmoja zinaweza kuwapo mamia. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965, aliandika risala nzima juu ya sura ya jua lililopatwa linapoonekana kupitia tundu.

Sasa nikiri kosa langu. Nilifundisha fizikia miaka 31, na somo la tundu la mwanga nilikuwa nikilichora ubaoni kila mwaka: mshumaa upande huu, picha iliyopinduka upande ule. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, na watu walisafiri kutoka nchi nyingi kwenda Rujewa, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, mahali ambapo jua lilibaki pete. Mimi nauli sikuwa nayo. Nilikuwa nimesimama uwanjani nikiwakataza wanafunzi wasilitazame jua kwa macho matupu, ndipo msichana mmoja aliponiambia, "Mwalimu, chini!" Chini ya mwembe wa shule yale madoa yote yalikuwa yamegeuka hilali, mamia ya hilali ndogo, zote zimeelekea upande mmoja, zikitikisika kila upepo ulipopita. Wanafunzi waligeuka wakalipa jua mgongo, wakawa wanazikinga hilali kwa madaftari yao. Kwa miaka zaidi ya ishirini nilikuwa nimepita chini ya mti ule nikiwa na jibu mfukoni, na swali nilikuwa sijalisikia.

Umeomba jambo la kufanya. Mwezi ujao, tarehe 10 au 11 Oktoba, jua la utosi litapita juu kabisa ya Dar es Salaam, karibu saa 6:10 mchana. Huku Tanga litakuwa limetangulia siku chache, na Mtwara watasubiri hadi karibu tarehe 20. Simamisha chupa mahali tambarare palipo wazi, umwite binti yako, na mngoje. Sikwambii mtakachokiona. Jambo hilo hutokea mara mbili kwa mwaka, mara ya pili ikiwa mwanzoni mwa Machi, na wakazi wengi wa mji huo wamezeeka bila kulitazama.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku alijibu:

Mwalimu, shikamoo. Dada mhasibu, pole na majukumu. Nimesoma kwa makini, na naomba kutofautiana nanyi kwa heshima.

Mimi naishi upande wa bonde la Mto Msimbazi. Dada amesimulia harufu ya mvua kwa namna iliyonivutia, lakini kwangu harufu hiyo maana yake ni kupandisha godoro juu ya meza na kutafuta mahali pa kuwalaza watoto. Wanangu nao walikuwa wakiifurahia mvua walipokuwa wadogo, mpaka mwaka ambao maji yaliingia ndani usiku. Tangu hapo wingu likitanda wananitazama usoni mimi kwanza kabla ya kulitazama wingu. Kwa hiyo ninaposikia kwamba mtu mzima amepoteza mshangao kwa sababu hatazami vizuri, nataka kuuliza pia ni nani anayelipia muda wa kutazama. Mtoto hushangaa kwa sababu kuna mtu mwingine anayetazama saa. Dada, wewe unapotazama barabara ndipo binti yako anapopata nafasi ya kutazama sisimizi bila kugongwa na bodaboda. Usijilaumu sana.

Na tusiusifu utoto kupita kiasi. Watoto huchoka na kukinai upesi kuliko sisi. Wangu alililia puto wiki nzima, na alipolipata alilicheza kwa muda usiofika robo saa.

Hata hivyo sitaki kuonekana mtu mkavu, kwa hiyo nitaeleza jambo moja. Nafanya kazi wodi ya wazazi. Mtoto akizaliwa, ukimwekea kidole kiganjani mwake atakikamata, na atakikamata kwa nguvu ambayo humtarajii nayo kiumbe ambaye saa moja iliyopita hajawahi hata kuvuta pumzi. Najua kwamba si mapenzi wala salamu. Ni tendo la mwili lisilo na hiari, ambalo hufifia mtoto akiwa na umri wa miezi mitano au sita, na kulichunguza ni sehemu ya kazi yetu. Nimeshikwa kidole na watoto ambao sasa siwezi kuwahesabu. Lakini mara nyingine saa tisa usiku, uchunguzi ukiwa umekwisha na fomu zimejazwa, huwa naweka kidole tena mara ya pili, bila sababu yoyote ya kitabibu. Kama hicho ndicho mnachokizungumzia hapa, basi ninacho, ila mimi sikuwahi kukitafuta.

Mzaliwa wa Makunduchi alijibu:

Assalamu alaykum nyote. Dada muuguzi amesema kweli kuhusu nani analipia muda, lakini mimi nililelewa na mtu ambaye mshangao wake ulikuwa ndani ya kazi yenyewe, na nadhani inafaa nimweleze.

Bibi yangu alikuwa akichokoa pweza. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bahari ya upande wetu hukauka mbali sana, mpaka unaweza kutembea kwa miguu karibu na mwamba ambako mawimbi makubwa yanavunjika. Tulikuwa tukitoka naye asubuhi, yeye na mchokoo wake na mimi na kikapu. Alikuwa akitembea polepole mno, na nilidhani ni uzee, kumbe alikuwa akisoma. Pweza hula kaa na kombe, na mabaki huyatupa mlangoni pake. Basi bibi alikuwa akitafuta magamba yaliyolundikana mbele ya tundu kama taka za mtu asiyependa kufagia. Mimi nilikuwa nikipita juu ya nyumba tatu za pweza bila kuona hata moja, naye nyuma yangu ananiita kwa upole, "Rudi, umempita mwenyewe yumo ndani."

Pweza akitoka hubadilika rangi, mara moja na mbele ya macho: alikuwa kama jiwe, akawa mwekundu, akawa mweupe, akawa na madoa. Bibi alikuwa amewatoa mamia kwa mamia, na kila mmoja alikuwa ni unga na mafuta ya taa ya nyumba yetu. Hakuwa mtalii pale. Hata hivyo kila safari, rangi zikikolezana kikapuni, alikuwa akisimama kidogo na kusema, "Subhanallah, hebu mtazame huyu." Kisha tunaendelea, kwa sababu maji hayangoji mtu.

Nilipokuja kusoma niligundua kwamba pweza ana mioyo mitatu, na kwamba damu yake ni ya buluu kwa kuwa inayobeba hewa ndani yake ni shaba, wakati yetu hutumia chuma. Nilimpigia bibi simu kumweleza, nikidhani nitamwacha kinywa wazi. Alinyamaza kidogo, akacheka, akasema, "Mioyo mitatu yote hiyo, na hana hata mmoja wa kumhurumia kaa." Kwa hiyo, dada mhasibu, usiogope kwamba kujua kutakuharibia. Nadhani kinachoharibu ni ile haraka ya kudhani umekwisha kujua.

Kwa jambo la kufanya: chagua Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo, umpeleke mtoto ufukweni. Siku hizo maji ya pwani yetu huwa yamekupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, na kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika kama 50. Mvalisheni viatu kwa ajili ya miiba. Mtaona kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, mtaona jongoo bahari, na mkiwa upande wenye mikoko mtaona kaa wadogo ambao dume lake lina gando moja kubwa na jingine dogo, nalo hulipunga lile kubwa kama mtu anayemwita kondakta. Vyenye uhai mviache palepale. Wala usiseme "Ehe!" wala "Kumbe!" Nyamaza tu.

Mpenda Vichuguu, Kakamega, alijibu:

Hamjambo kutoka Magharibi mwa Kenya. Nitaongeza mambo mawili, kisha niwaachie.

Kwanza, ile harufu ya mvua aliyoitaja mwanzilishi wa mada. Harufu hiyo kwa sehemu kubwa hutokana na kemikali iitwayo jeosimini, inayotengenezwa na bakteria wanaoishi udongoni. Tone la mvua likigonga ardhi kavu hufungia viputo vya hewa chini yake, na viputo hivyo hupanda na kupasuka juu vikirusha chembe ndogo sana zenye harufu, kama soda iliyofunguliwa. Pua ya binadamu huinasa jeosimini hata ikiwa kidogo mno, kiasi ambacho vyombo vya kawaida haviwezi kukigundua kwa urahisi. Walioipa harufu hiyo jina la kisayansi, mwaka 1964, walikuwa watafiti wawili wa Australia. Nanyi mnaokula kambale wa mabwawani, ile ladha ya tope mnayoilalamikia ni jeosimini hiyohiyo. Tangu nilipojua hilo sijawahi kula kambale bila kuwazia mvua, ingawa sisemi kwamba kambale amekuwa mtamu zaidi.

Pili, kumbikumbi. Kwetu wanatoka baada ya mvua, na watoto huweka karai la maji chini ya taa ili waangukie humo. Kisha hukaangwa kwa chumvi tu, kwa maana mafuta wanayo wenyewe. Lakini wazee walitufundisha njia nyingine: unafunika kichuguu, unakaa kando, na kukipigapiga taratibu kwa vijiti, na wale walio ndani husikia mvua na kutoka. Nilifanya hivyo nikiwa na miaka saba, na mpaka leo, nikiwa na mvi, sijaona jambo lililonifurahisha kuliko kuwa mvua kwa nusu saa. Kila kumbikumbi aliyetoka alikuwa mfalme au malkia wa kichuguu kipya, kama angefika salama, akaangusha mbawa na kumpata mwenzake. Tuliwala hata hivyo.

Dada mhasibu, huenda wewe huhitaji kutazama. Huenda unahitaji kupiga kichuguu. Mimi nilijaribu kukaa mkekani kama wewe na nikasinzia.

Mwalimu Mstaafu, Muheza, aliongeza:

Muuguzi, marahaba. Umenisahihisha na nimekubali, hasa kuhusu puto. Naomba nikupe kitu kisichohitaji muda wa ziada, kwa kuwa kazini unakwenda hata hivyo. Mwezi huu ujao, ukitoka nje ya wodi saa kumi alfajiri na mawingu yakiwa mbali, tazama upande wa kaskazini-magharibi, juu kiasi. Utaona fungu dogo la nyota zilizobanana, sita au saba kwa macho mazuri. Hicho ndicho Kilimia, na jina lake limetokana na kulima, kwa sababu wazee walipanga mashamba yao kwa kukitazama: kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Mwanga utakaokuingia machoni uliondoka huko miaka ipatayo 440 iliyopita, yaani kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. Umesafiri muda wote huo, na ungeishia juu ya bati la wodi kama usingetoka.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku alijibu:

Ahsante, Mwalimu. Nitatazama nikipata nafasi. Siahidi.

Mhasibu wa Tabata alirudi:

Nawashukuru nyote, na dada muuguzi nakushukuru kwa namna ya pekee, kwa maana neno lako kuhusu anayetazama saa lilinipa usingizi. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa nikiingoja Oktoba.

Madoa ya mwembe niliyatazama. Nilipomweleza binti yangu kwamba kila moja ni picha ya jua, hakushtuka hata kidogo. Alisema, "Ndiyo maana ni ya moto," jambo ambalo si kweli kabisa wala si uongo kabisa, nami nikashindwa kumsahihisha. Aliyeshtuka ni mimi. Sasa dakika ishirini zimekuwa ishirini na tano, na siku moja basi lilitaka kutuacha kwa sababu yangu. Ufukweni bado hatujaenda.

Jumamosi, tarehe 10, tulisimamisha chupa ya maji uani tangu saa sita kasoro robo. Yeye alichoka mapema, akaenda zake kucheza, kama muuguzi alivyotabiri, na nikabaki peke yangu nikilinda chupa huku jirani akinitazama kwa wasiwasi juu ya ukuta. Saa sita na dakika tano wingu likapita, nikakata tamaa, likaondoka. Kivuli cha chupa kilikuwa kimerudi nyuma polepole, kikawa kifupi kama kidole, kisha kama ukucha, kisha kikaingia chini ya chupa yenyewe na hakikuwapo tena upande wowote. Nguzo ya kamba ya nguo haikuwa na kivuli. Mimi pia sikuwa nacho, isipokuwa doa la kichwa na mabega lililokuwa miguuni pangu. Nilimwita binti yangu kwa sauti ambayo, kwa maelezo ya jirani, ilimfanya adhani kuna nyoka.

Alikuja mbio, akatazama chupa, akatazama nguzo, akajitazama yeye. Nikamwuliza kivuli chake kimekwenda wapi. Hakufikiri hata kidogo, alisema, "Nimekikanyaga." Kisha akanyanyua mguu mmoja taratibu, akainama kuchungulia, na kilikuwapo palepale chini ya unyayo, kidogo, chenye vidole vitano.